Mkono wa Mama Nyota na PV Niliyoiandika Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye biro, yaani ofisi ya Serikali, pale Fizi asubuhi na mapema, nimevaa viatu vya kuazima kwa shemeji. Vilikuwa vikubwa mno, nikitembea vinanitangulia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakitawala Kongo. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, naandika Kifaransa kwa mwandiko wa kulala ambao mapadri waliusifu sana, nami nikadhani ukarani ni mwandiko tu.

Karani Mkuu alinipokea mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba, mwenyeji wa Kasongo, koti lake lina viraka viwili kwenye viwiko, na alikuwa amefanya kazi chini ya Maadministrateur wanne, wale wakuu wa wilaya. Kila mmoja alikuja akamkuta na akaondoka akamwacha. Hakunipa kiti. Alinipa kalamu, chupa ya wino na kitambaa cha kufutia.

"Hapa hauandike yenye unafikiri," akaniambia. "Unaandika yenye muntu anasema. Akisema jiwe, andika jiwe. Akisema mawe, andika mawe. Ukiongeza yako, utalala buloko."

Nikaitika, "Ndiyo, mukubwa." Neno buloko, yaani gereza, lilinitisha, na nikaapa kwamba sitaongeza hata nukta. Kuhusu kupunguza hakuniambia chochote, nami sikuuliza. Vijana, kuuliza si ujinga, lakini siku ya kwanza kazini kila mtu huona ni afadhali ajifanye anajua.

Kazi yangu iliitwa karani-mkalimani wa tribunali ya polisi. Msidanganywe na jina, haikuwa tribunali ya askari. Ilikuwa baraza dogo la makosa madogo, na hakimu wake hakuwa mwanasheria wa majoho, alikuwa mmoja wa wasaidizi wa Administrateur. Asubuhi alikagua barabara, mchana alihesabu mashamba ya pamba, na siku ya baraza alikuwa hakimu. Wetu alikuwa Mbelgiji mrefu ambaye watu walimpa jina la Bwana Miwani, kwa sababu kila alipokasirika aliivua miwani, na akitulia huivaa tena. Sisi makarani tulikuwa tukiangalia pua yake kabla ya kumpelekea karatasi. Alijua Kiswahili cha kutosha kuagiza chakula na kugomba, mengine nilimtafsiria mimi.

Miaka ile kamyo, yaani malori ya mizigo, zilianza kuzidi katika barabara ya Uvira mpaka Baraka. Pamba ndiyo iliyozileta. Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, imechongwa kwa majembe ya watu kando ya ziwa, na madereva wengi walikuwa wamejifunza kuendesha kwa kumwangalia mwenzao. Basi watu wakagongwa, mbuzi wakagongwa, na mafaili ya ajali yakajaa kabati letu hata kufuli ikashindwa kufunga.

Nitawaeleza jinsi mambo hayo yalivyofanywa, maana siku hizi naona mtu akigongwa anapigwa picha, kisha kila mmoja anakwenda zake. Kwanza mtu aliyeumia huandikwa maelezo yake. Karatasi ile tuliita PV, na bila PV hata mwenye kukatwa mguu alikuwa mzima mbele ya sheria. Kisha daktari hutoa cheti. Kisha hakimu anamhukumu shofere kwa kosa lake, na papo hapo anamtolea aliyeumia malipo, hata kama mwenyewe hakuyaomba, kwa kuwa sheria ilijua mwanakijiji hana avoka wa kumtetea. Siwasifu Wabelgiji kwa hilo. Walikuwa na mengi ya kujibu, na mimi mwenyewe nilisimama kwenye jua mara nyingi nikingoja Mzungu amalize kahawa yake. Lakini sheria hiyo ilikuwapo, na ilikuwa nzuri.

Malipo yalikuwa ya namna tatu. Ya kwanza ni gharama ya hospitali na siku ambazo mtu hakufanya kazi. Ya pili ni upungufu wa mwili. Hapo kulikuwa na jedwali, barème, lililotaja kidole gumba kina thamani gani na jicho lina thamani gani, kama bei za dukani. Ya tatu iliitwa dommage moral, hasara ya moyo: maumivu, huzuni, aibu ya kovu usoni, raha ambayo mtu alikuwa nayo na sasa hana. Hii haikuwa na jedwali. Hakimu alipaswa kumsikiliza mtu kisha apime mwenyewe, na ndiyo maana mahakimu wengi waliiruka kama dimbwi.

Mara yangu ya kwanza kuiona ikiandikwa ilikuwa Baraka, na aliyelipwa alilizwa na ng'ombe. Mfugaji mmoja wa Bibokoboko, mtu mwembamba mwenye fimbo ndefu na Biblia mfukoni, aliteremsha ng'ombe wake kutoka milimani kuja sokoni, na gari likamgonga mmoja akafa. Mzee yule alisimama mbele ya Bwana Miwani, akamweleza ng'ombe yule rangi, pembe, mama yake na bibi yake, mpaka mkono wangu ukapata ganzi. Bei ya ng'ombe ilipokwisha kukubaliwa, akabaki amesimama.

"Iko nini tena?" akauliza Bwana Miwani.

"Bei ni ya nyama, Bwana," mzee akasema. "Bibi yangu alikuwa anamukamua ule ng'ombe na kumuimbia. Sasa analia kila asubui. Kilio ya bibi yangu mutaiweka wapi?"

Bwana Miwani alicheka hata miwani ikateremka yenyewe. Kisha akaandika, na kilio cha mke wa mfugaji kikaingia katika hukumu kwa kiasi kidogo. Nilirudi Fizi nikifurahi, nikamhadithia Karani Mkuu. Naye akaniambia, "Muntu anasemaka vizuri juu ya ng'ombe wake. Ngoja akija kusema juu ya mwili wake." Sikumwelewa.

Nilimwelewa tulipompata Mama Nyota.

Mama Nyota alikuwa mjane wa kijiji cha Mboko, kule ziwani, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Siku moja alikuwa akipita kando ya barabara na beseni la mihogo kichwani, kamyo ya mnunuzi mmoja wa pamba ikatoka njiani kwa mwendo mkali, ikamsukuma mtaroni. Beseni lilimwangukia juu ya mkono wa kulia, na chini ya mkono palikuwa na jiwe. Shofere alikiri. Mikono ya namna hiyo hupona, na wake ulipona, ila vidole viwili, cha kati na cha pete, vilibaki vimenyooka, havikunjiki. Daktari akaandika: anaweza kushika jembe. Kwenye jedwali, vidole viwili visivyokunjika vilikuwa kitu kidogo sana.

Tulimwandikia PV pale pale Mboko, katika nyumba ya wageni wa Serikali, Bwana Miwani akiwa safarini kwenda Uvira. Aliingia amevaa kitenge chake cha kanisani, kimepigwa pasi, akasimama wima. Aliambiwa akae, akakataa. Bwana aliuliza, mimi nikatafsiri.

"Mama, habari ya mukono?"

"Muzuri, mutoto wangu."

"Unaumwa bado?"

"Hapana sana. Mungu iko."

"Unalima?"

"Ninalima."

"Iko na neno ingine?"

"Hapana. Museme aksanti kwa Bwana."

Nikaandika hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe: mkono mzuri, haumwi sana, analima, hana neno lingine. Nilimsomea, akasema ndiyo, akaweka kidole gumba kwenye wino. Nilifunga kalamu, nikaiweka mfukoni, nikatoka naye mpaka barazani kama adabu inavyotaka.

Barazani akasimama. Akaniuliza mama yangu ni wa wapi. Nikamwambia Lubondja. "Basi we ni mutoto ya hapa," akasema, na hapo hapo akaanza kunieleza. Alinieleza mambo ambayo mtayasikia mbele, kwa sauti ya chini ambayo hata sikudhani anayo. Alilia kidogo. Nikamwambia, "Pole, mama. Mungu ataona." Bwana Miwani akapiga honi. Nilikuwa na njaa, safari ilikuwa ndefu, kalamu ilikuwa imefungwa. Nikapanda gari nikaenda.

Hapo ndipo nilipokosea. Nami nilikuwa Mubembe kama yeye, nimelelewa na nyanya, sikuwa na udhuru wowote. Kwetu mtu mwenye heshima akiulizwa hali yake mbele ya mkubwa, hujibu ni nzuri, hata kama ametoka kuzika. Hiyo ni salamu, si habari. Neno lenyewe lililomleta hulitoa akiwa amekwisha kuaga, mkono mmoja uko mlangoni. Ndivyo wajomba zangu walivyokuja kuomba mbuzi, ndivyo mama yangu alivyokuja kusema anaumwa. Wahenga wanasema mficha uchi hazai, lakini wahenga hao hawakuwahi kuitwa kwenye biro ya Serikali. Mimi nilichukua salamu ya Mama Nyota nikaipiga muhuri kama ushahidi, na ushahidi wake nikauacha barazani.

Sikuliona kosa mpaka wiki kadhaa baadaye, faili lilipopangwa kwa baraza. Mnunuzi wa pamba alikuwa na asuransi, yaani bima, na mwakilishi wa asuransi alifika kutoka Bukavu siku moja kabla ya baraza, mtu mpole, nywele zimechanwa kwa maji. Aliomba kuisoma PV. Aliisoma kwa kutabasamu, akaandika sentensi moja tu kwenye daftari lake. Niliinama nikaiona: "Mwenyewe amekiri haumwi."

Nikamwendea Karani Mkuu, nikamweleza yote. Aliendelea kunoa penseli yake.

"Acha," akasema. "PV yenye kutiwa kidole ni sawa mutoto amezaliwa. Haumurudishe tumboni."

"Lakini mama yule atatoka mikono mitupu, mukubwa."

"Atalipwa vidole."

"Vidole si kitu. Aliniambia kitu ingine."

Akaacha kunoa. "Wilondja, we iko bado kwa majaribio. Mwaka haujaisha. Karani mwenye kusema PV yake iko mbaya, watamuuliza zile zingine zote ziko namna gani. Unafikiri Bwana Miwani atasema aksanti?"

Hakuwa mtu mbaya, Karani Mkuu. Alinipenda. Jioni ile alinitumia bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kutoka nyumbani kwake, bila maneno, nami nilijua anachoniambia: kula, nyamaza, ishi. Nilikula. Kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Siku ya baraza Mama Nyota alifika amechoka, maana kutoka Mboko mpaka Fizi kuna safari, na mwisho wake ni mlima. Alikuja na mjukuu wake wa kike, Riziki, binti wa miaka minane hivi, nywele zake zimefungwa kwa kitambaa. Mama aliponiona akanikonyeza, kama tuna siri yetu. Alidhani nimekwisha kumwambia Bwana. Alidhani maneno aliyonipa barazani yamesafiri pamoja nami kwenye gari, yamelala kwenye faili, na leo yatasomwa. Nilishindwa kumtazama.

Shofere alipigwa faini, hapakuwa na ubishi. Ikaja zamu ya malipo. Bwana Miwani akaniamuru nisome PV. Nikasoma. Mkono mzuri. Haumwi sana. Analima. Hana neno lingine. Nilipoinua macho, Mama Nyota alikuwa ananitazama, na ule uso wa ucheshi ulikuwa umefungwa. Hakunikasirikia. Aliinamisha kichwa tu, akaanza kukunja ncha ya kitenge chake kwa mkono wa kushoto. Nimewahi kutukanwa na watu wengi katika kazi hii, na hakuna tusi lililoniingia kama kule kuinama kwake.

Mwakilishi wa asuransi alisimama. Alisema kampuni yake iko tayari kulipa vidole kwa kufuata jedwali, na kwa hasara ya moyo hakuna cha kulipa, kwa kuwa mwenyewe amesema hana maumivu.

"Mama," akasema Bwana Miwani, "iko na neno ya kuongeza?"

"Hapana, Bwana."

Ndipo niliposikia sauti ikisema, "Bwana Hakimu, ile PV haiko kamili. Na kosa ni yangu." Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimesimama. Nyuma, Karani Mkuu alifumba macho.

Bwana Miwani akaivua miwani.

"Uliongeza maneno?"

"Hapana, Bwana. Nilipunguza. Huyu mama alisema neno, mi sikuandika."

"Alisema mbele yangu?"

"Hapana, Bwana. Mulangoni. Wewe ulikuwa kwenye gari."

Mwakilishi akasema kwa upole kwamba mlangoni si barazani. Nikajibu kwa haraka, kabla moyo haujanirudi, nikamweleza hakimu kama nilivyowaeleza ninyi: kwamba kwetu mtu akiulizwa hali mbele ya mkubwa husema ni nzuri, na kwamba jambo zito hutoka wakati wa kuaga. Nilimwambia nililijua hilo tangu utotoni, na kwamba mtu wa kulaumiwa si Mama Nyota. Nilisema tena, "Kosa ni yangu."

Bwana Miwani aliifuta miwani kwa tai yake. Sijui alikuwa anafikiri nini. Labda alikumbuka machifu wote waliomwambia kila kitu ni kizuri, akafunga daftari akaenda zake. Hatimaye akamgeukia Mama Nyota, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuagiza chakula:

"Mama, aksanti. Unaweza kwenda."

Nilidhani tumeshindwa. Mama Nyota akamshika Riziki mkono, akainama kidogo kwa heshima, akatembea taratibu kuelekea mlangoni. Hapo nikaona kwamba Bwana Miwani amechovya kalamu yake kwenye wino, ameishika juu ya karatasi, na anangoja.

Mlangoni Mama Nyota akasimama. Akaweka ule mkono mbovu kwenye mwimo wa mlango.

"Bwana," akasema, "mi ninalima, ni kweli. Jembe inashika. Lakini siku ya posho, jumamosi mangaribi, bakwe zangu na bajukuu balikuwaka banakuja kwangu, banakaa hapa katikati ya magoti, ninabasuka nywele ya siku ya Mungu. Kijiji muzima. Mi sikuwahi kuomba kitu. Muntu mwenye kusukwa haangalie uso yako, Bwana, ndiyo maana anasema. Pale ndiyo nilikuwaka najua nani iko na mimba, nani bwana yake anamupiga, nani alilala njaa. Sasa hizi vidole hazikunje. Banapita barabarani, banasema yambo koko, banaenda kwa bibi ya mwalimu. Nabasikia banacheka kule mupaka jua inaingia. Mi nakaa na nyumba yangu kimya. Huyu Riziki, ile asubui nilikuwa nimemusuka nusu ya kichwa, nikasema ngoja nilete mihogo, nitamalizia. Hakuna mwenye kuniiba kitu. Hakuna mwenye kunipiga. Lakini mi niko sawa maiti yenye kulima."

Mwakilishi alisimama, akasema kikao kimefungwa.

"Mimi sikusema kikao imefungwa," akajibu Bwana Miwani, bila kuinua kichwa, kalamu inakwenda. "Nilisema mama anaweza kwenda."

Hukumu iliandikwa siku ile ile. Vidole vililipwa kwa jedwali. Nje ya jedwali, Bwana Miwani akaweka malipo ya hasara ya moyo, na yakazidi yale ya vidole. Mimi ndiye niliyeipiga hukumu kwenye mashine, na nakumbuka maneno yake hadi leo: kwamba mwanamke huyu alinyang'anywa mazungumzo ya watoto wake, na kwamba hilo ni jeraha ingawa daktari halioni. Mwakilishi wa asuransi alitia sahihi, hakukata rufaa. Alipotoka nje alimkuta Mama Nyota amekaa kwenye ngazi, akavua kofia, akampita polepole.

Nami nikaitwa ndani.

"Leo umefanya vizuri," Bwana Miwani akaniambia, miwani mkononi. "Na leo nakuandikia barua ya onyo. Yote mbili ni kweli. Unaelewa?"

"Ninaelewa, Bwana."

Muda wangu wa majaribio uliongezwa, na nikahamishiwa Baraka, kwenye biro ya chumba kimoja chenye popo darini. Karani Mkuu alinisindikiza mpaka kwenye kamyo. "Kosa moja haliachi muke," akasema, akanipa penseli yake iliyonolewa vizuri, akageuka upesi ili nisimwone. Sikumwona tena, alifariki kwao Kasongo kabla ya uhuru.

Malipo niliyapeleka mwenyewe Mboko, mbele ya kapita, mkubwa wa kijiji. Mama Nyota alitia kidole, akazifunga pesa kwenye pindo la kitenge, kisha akaniuliza, "Na maneno yangu iko wapi?" Nikamwambia yako Fizi, kwenye kabati. Hakupenda. Nikakaa kwenye kigoda chake nikamwandikia kwa mkono, kwa Kiswahili, ile sehemu ya hukumu inayomhusu, kwenye karatasi ya daftari la shule. Haikuwa na muhuri, wala haikuwa halali. Aliipokea kwa mikono miwili.

Baada ya Baraka nilifanya kazi Uvira, kisha nikarudi Fizi, uhuru ukaja, mabwana wakabadilika rangi na majina ya vyeo, na PV zikabaki PV. Niliwatumikia wakubwa wengi. Wengine walikuwa na akili, wengine walikuwa na muhuri tu. Mpaka nastaafu, makarani vijana walinicheka kwa kutofunga kalamu mpaka mtu ameteremka ngazi. Mmoja aliwahi kusema, "Mzee anaandika hata kikohozi." Nilimjibu kwamba nimeandika vikohozi vyenye maana kuliko hotuba zake, na mpaka leo silifuti neno hilo.

Mkiniuliza nimejifunza nini juu ya hasara ya moyo baada ya miaka yote hiyo, nitawaambia kwamba sikuwahi kuona malipo yaliyomrudishia mtu kitu alichopoteza. Niliandika hukumu za watoto waliokufa, za nyuso zilizochanika, za waume ambao hawakuweza tena kulala na wake zao. Fedha zilitolewa, mabati yalinunuliwa, mbuzi walinunuliwa. Kwa muda mrefu jambo hilo lilinivunja moyo, nikajiona mtu wa kupima maji kwa kamba.

Nilipostaafu nilikwenda Mboko. Mama Nyota alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Nilimkuta Riziki, naye sasa ni nyanya, mnene, mcheshi, sauti inatangulia. Aliponitambua alipiga vigelegele hata majirani wakatoka, akawaambia huyu ndiye aliyeandika karatasi ya koko, yaani nyanya yake. Alinitengea ndagala, dagaa wa ziwani, na bugali. Alinieleza jinsi Mama Nyota alivyoificha karatasi ile chini ya mto, na jinsi kila siku ya posho alivyowaita wasichana wamsomee kwanza, ndipo waanze kusukana wao kwa wao barazani kwake, yeye akikaa nyuma na kuwagombeza mistari ikipinda. Walirudi kwa ajili ya karatasi, wakabaki.

Sikuweza kula kabla ya kusema. Heshima ile haikuwa yangu yote. Nikamwambia, "Riziki, mwanangu, kuna jambo. Ile PV ya kwanza niliiandika mimi, na niliandika kwamba koko yako haumwi."

Riziki akaendelea kunimiminia maji ya kunawa.

"Tunajua, baba," akasema. "Koko alituambia sisi bote. Alisema ule karani alisikia, akanyamaza. Kisha akasimama mbele ya bantu akasema kosa ni yangu, mara mbili. Koko alikuwaka anasema: mi nililipwa pale. Zile pesa za Bwana zilikuwa za kununua chumvi."

Nikaweka mikono yangu kwenye maji, nikanawa, nikala.